Mara Saba Chini ya Baiskeli

Mwaka wa hamsini na nne nilifanya mzaha wa dakika kumi, na mzaha huo nusura umpeleke rafiki yangu kwa kitanzi. Nimeusimulia mara chache sana. Watu hucheka mahali ambapo sipendi wacheke.

Wakati huo nilikuwa karani wa kupiga taipu kwa kiwanda kimoja cha miwati, ile miti ambayo maganda yake hutoa dawa ya ngozi, hapa Eldoret. Jina langu ni Murunga, lakini mtaani waliniita Makerere, na haikuwa heshima. Kule Makerere nilisoma miaka miwili tu. Mwaka wa pili nikapiga taipu notisi, nikaigonga muhuri wa ofisi ya chuo bila ruhusa, ikisema kila mwanafunzi aje kwa mtihani wa elimu ya viumbe na kuku mzima mwenye afya. Kuku thelathini na mmoja walifika. Mimi nikarudishwa nyumbani na sanduku langu.

Rafiki yangu aliitwa Wasike. Alikuwa karani wa stoo ya mahindi karibu na stesheni. Mbukusu, mrefu, mtu wa maneno machache, mume wa Rosebella, mtu wa Kanisa la Marafiki. Hao Marafiki hawaapi kabisa, hata kortini. Wanasema ndiyo ikiwa ndiyo, imetosha. Ukimwuliza Wasike ni saa ngapi, anakwambia saa nne na dakika tatu. Ukimwambia sema tu saa nne, anakuangalia kama umemtuma kuiba.

Na haukuwa mwaka wa mizaha. Serikali ilikuwa imetangaza Hali ya Hatari kwa sababu ya Mau Mau. Jirani yangu, Mkikuyu fundi wa viatu, alichukuliwa Jumapili moja asubuhi na lori, na kile kiti chake kidogo kikabaki nje kwa mlango wiki mbili. Hakuna aliyekigusa. Ukipita hapo unaangalia upande mwingine, unapiga pedali haraka.

Sasa, sisi watu wa baiskeli tulikuwa na shida yetu. Kutoka mtaani hadi mjini kulikuwa na barabara moja, na barabara hiyo ilikuwa ya malori na magari ya masetla, wazungu wenye mashamba. Lori likitoka Burnt Forest na viazi halikuoni. Linakuja, unaruka kwa mtaro, unatoka mwekundu kama tofali. Mwezi wa pili Wangila, mbeba mikate, hakuruka mapema. Tulimkuta asubuhi, mikate imetawanyika mpaka relini. Daktari alisema angeokotwa mapema angepona.

Baada ya mazishi tukasema basi. Tukae chini, tukubaliane tunataka nini sisi wote, halafu tupeleke kwa serikali kwa kauli moja: njia ya baiskeli, yetu wenyewe, na tutaichimba kwa mikono yetu.

Kukaa chini kulihitaji kibali. Wasike ndiye aliyekiomba, kwa hivyo yeye ndiye akawa karani wetu. Kibali kilisema: Jumamosi mchana, chumba cha kanisa, watu wasizidi ishirini na tano, na kumbukumbu za mkutano zifike ofisi ya Bwana Shauri, afisa wa wilaya, Jumatatu kabla ya saa tatu asubuhi, pamoja na majina ya waliohudhuria.

Tulifika watu ishirini na watatu. Baiskeli tuliziingiza ndani, tukazipanga ukutani, maana nje zingeibwa. Na hatukukaa dakika tano kabla ya kelele kuanza.

"Njia ipite mtoni," Mzee Kipkemboi akasema. Alikuwa Mnandi, mkubwa wa wabeba maziwa, mtu wa kubeba madebe mawili kwa karia na asimwage tone. "Kule kuna kivuli. Maziwa haitachacha."

"Mtoni ni matope, Mzee," kijana mmoja wa kiwandani akamjibu. "Nyinyi na ng'ombe zenu mmezoea. Sisi tuko na suruali."

"Suruali gani? Hiyo ina viraka kama ramani ya shule?"

"Ramani hii inanifikisha kazini saa moja! Njia ipite relini, moja kwa moja!"

"Relini mtagongwa na treni, tuzike tena!"

Saa nzima hivyo. Wanandi upande mmoja, watu wa magharibi upande mwingine, na mimi katikati nikitia kuni kwa moto, maana nilifurahia. Mwishowe Wasike akasimama, akafunga daftari.

"Ndugu zangu," akasema, "kwetu Marafiki hatupigi kura. Tunanyamaza. Mtu akipata neno la kweli anasimama, analisema mara moja, anakaa. Mwingine hamjibu. Tunanyamaza tena mpaka tuone njia ni moja. Tujaribu."

"Tunyamaze mpaka lini?" Mzee Kipkemboi akauliza.

"Mpaka tuone."

Tukanyamaza. Jaribu wewe kunyamaza na wanaume ishirini na wawili na baiskeli zao. Unasikia mnyororo ukidondosha mafuta. Unasikia tumbo la jirani. Baada ya kama dakika kumi mtu akasimama, akasema njia iwe moja, si mbili, maana serikali haitatoa mbili. Akakaa. Kimya. Mwingine: ipite relini, lakini ikate kona kwa kiwanda cha siagi, wa maziwa wafike. Kimya. Mwingine: ukikutana na mama amebeba mzigo, wewe ndiye unashuka. Na kama mama mwenyewe ana baiskeli, apite kama mtu yeyote. Kimya. Ilikuwa inafanya kazi, na hiyo ndiyo ilinitisha kidogo.

Katikati ya kimya hicho mlango ukafunguliwa. Askari wa doria, na rungu mkononi. Akatuangalia, mstari kwa mstari. Watu ishirini na watatu wamekaa, hakuna anayesema kitu.

"Mnafanya nini hapa?"

"Tunapanga njia ya baiskeli, afande," Wasike akasema, akimwonyesha kibali.

"Mbona mmenyamaza?"

"Ndiyo tunapanga, afande."

Yule askari akasoma kibali chote, akakirudisha, akafunga mlango. Lakini hakuenda. Chini ya mlango tuliona buti zake. Zilikaa hapo muda mrefu. Shati langu likalowa mgongoni. Nilikuwa nikifikiria kile kiti cha fundi wa viatu. Buti zilipoondoka mwishowe, hakuna aliyepumua kwa sauti.

Hapo ndipo Mzee Kipkemboi akasimama.

"Usiku ule wa Wangila," akasema, "watu wawili walimpita akiwa bado hai. Mimi ni mmoja. Nilikuwa na maziwa. Niliona mtu amelala, nikasema huyu ni mlevi. Nikapita. Njia bila sheria hii ni bure: mtu asimwache mwenzake barabarani."

Akakaa. Na kimya kilichofuata, mimi sikukiweza. Nilihisi kama paa linashuka. Kila mtu ana namna yake ya kuogopa. Mimi nikiogopa, nachekesha.

Mwezi uliotangulia tulikuwa tumeitwa barazani, kwa kiwanja cha mpira. Bwana Shauri alisimama juu ya meza na kipaza sauti akatueleza viapo vya Mau Mau vinavyofanywa: tao la majani, mtu anapita chini yake mara saba, anapakwa, anasema maneno. Akasema mwenye kula kiapo atafungwa, na mwenye kulisha kiapo atanyongwa. Watoto walicheza tao barabarani wiki nzima mpaka mama zao wakawachapa.

Basi nikaruka. "Sheria bila kiapo ni barua bila stempu!" nikasema. Nikachukua baiskeli mbili, nikazisimamisha kwa magurudumu ya nyuma, yale ya mbele yakakutana juu kama mlango wa kanisa. Nikawaambia watu wawili wazishike. Nikachovya kidole kwa grisi ya mnyororo. "Haya, wana wa pancha! Mara saba! Sema: nikimwacha mwenzangu barabarani, spoki zangu zikatike mojamoja!"

Wakacheka. Walicheka kama watu waliofunguliwa kamba. Mmoja akapita, nikampaka grisi kwa paji la uso. Wa pili, wa tatu, wote wakapanga foleni, wakizunguka na kurudi, wakipokezana kushika baiskeli. Hata Kiprono, tarishi wa ofisi ya Bwana Shauri mwenyewe, ambaye alikuja na baiskeli yake ya kazi, akapita. Mzee Kipkemboi akapita. Ni Wasike tu aliyebaki kwa meza yake.

"Karani, njoo!" nikamwita.

"Mimi siapi, Makerere. Unajua." Na kalamu yake ilikuwa inatembea.

Mwishoni akasoma alichoandika, tukasema sawa, tukaenda nyumbani.

Jumatatu kama saa mbili na nusu nilikuwa kwa geti la kiwanda. Wasike akapita na baiskeli yake, uso umetulia, akanipa karatasi moja ya kaboni.

"Nimetoka kupeleka," akasema. "Hii ni kopi yako, utunze."

Nikasoma nikiwa nimesimama. Njia moja. Relini. Kona ya siagi. Akina mama. Vizuri sana. Halafu nikafika chini.

"Kisha wanachama ishirini na wawili walipita chini ya tao la baiskeli mbili mara saba, wakipakwa grisi usoni, wakaapa kwamba hawataachana barabarani. Kiapo kiliongozwa na mmoja wetu. Karani hakuapa kwa sababu ya imani yake." Chini yake, majina yote. Na saini moja tu: ya Wasike.

Nikashika usukani wa baiskeli yake.

"Wasike. Wasike, umeandika nini hapa?"

"Mambo yaliyofanyika."

"Mara saba! Umewaandikia mara saba! Tao! Unajua hiyo ni nini? Hiyo ni kamba, bwana! Ni shingo yako hii!"

"Niliisoma mbele yenu wote. Mkasema sawa."

"Twende tuichukue. Nitapiga nyingine sasa hivi, unaweka saini, hakuna atakayejua."

Akanitazama na yale macho ya saa nne na dakika tatu. "Mkutano ulikubali hiyo. Mimi karani siwezi kubadilisha peke yangu. Nawe pia huwezi." Akapanda baiskeli, akaenda zake stoo. Aliendesha polepole, akipiga kengele kwa kila mama aliyempita.

Mimi nikaingia ofisini, nikafunga mlango, nikapiga kumbukumbu mpya. Safi kabisa. Hakuna tao, hakuna grisi, hakuna saba. Nikaharibu karatasi tatu. Halafu nikaandika saini ya Wasike. Kazi ya saini niliijua vizuri kuliko masomo yangu. Nikaikunja ile karatasi, nikaitia kwa mfuko wa shati, nikapanda baiskeli.

Sijawahi kuendesha hivyo. Kila gari nililosikia nyuma niliona ni la polisi. Baridi ya asubuhi ilikuwa kali na mimi nilikuwa natoa jasho kama mtu wa homa.

Kiprono alikuwa amesimama kwenye baraza ya ofisi. Aliponiona akarudi nyuma hatua moja, kama mimi ndiye nimebeba ugonjwa.

"Kaa mbali na mimi, Makerere," akanong'ona. "Jina langu liko kwa hiyo karatasi. Nina watoto watano."

"Iko wapi? Bado iko kwa kikapu cha barua?"

"Kikapu gani? Ameisoma. Ameisoma mara mbili, halafu akafunga dirisha. Landrova imeenda stoo kumchukua Wasike."

"Amesema nini?"

"Hakusema. Angepiga kelele mimi ningetulia. Hakusema kitu."

Nikageuka. Baiskeli yangu ilikuwa hapo, imeegemea mti. Barabara ya kwenda Uganda ilikuwa hapo, na njia nzima niliijua. Jina la aliyeongoza kiapo halikuwa kwa karatasi. Imeandikwa mmoja wetu. Mmoja kati ya ishirini na wawili. Kiprono aliona macho yangu yanakoenda, na hakunizuia. Nafikiri angenisukuma.

Nilikuwa nimeshafika kwa baiskeli, mkono uko kwa usukani, mlango ukafunguka.

Bwana Shauri alikuwa mzungu mwembamba aliyeitwa Hartnell. Alikuwa na karatasi yetu mkononi na Kiswahili kilichovunjika cha masetla mdomoni. "Wewe nani? Wewe nataka nini?"

Ningependa kukuambia nilifikiria. Sikufikiria. Ulimi wenyewe ulienda.

"Ni mimi, Bwana. Kile kiapo. Wasike hakufanya. Ni mimi nilifanya. Ilikuwa mchezo."

"Mchezo."

"Ndiyo, Bwana. Kuchekesha watu."

Akaniangalia kwa muda. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala. Halafu akasema neno moja na askari wawili wenye bunduki wakatoka upande wa jela.

"Onyesha," akasema.

"Bwana?"

"Kama ni mchezo, onyesha. Mimi nataka kucheka."

Wakaleta baiskeli yangu na ile ya Kiprono. Askari wale wawili wakatundika bunduki mgongoni, wakazisimamisha baiskeli kwa magurudumu ya nyuma, uani, juani, mbele ya watu waliokuja kulipia vipande vya utambulisho na leseni za mbwa. Hao watu wakaanza kuondoka mmojammoja, bila kukimbia.

Sijui kama umewahi kurudia kichekesho mbele ya mtu ambaye asipocheka utakufa. Nilifungua mdomo, sauti ikatoka kama ya paka. "Haya, wana wa pancha." Hakuna aliyecheka. Bwana Shauri alisimama mikono nyuma. Nikapita mara ya kwanza. "Spoki zangu zikatike mojamoja." Nikapita mara ya pili. Nilikuwa nimeinama, na kila nikiinama nasikia ile karatasi ya uongo ikikwaruza kwa mfuko wa shati. Nikiipelekea mkono ataona. Nikiiacha itatoka. Mara ya tatu. Ya nne. Askari mmoja alikuwa akitetemesha baiskeli, na gurudumu la mbele likazunguka lenyewe juu ya kichwa changu, tik tik tik.

Mara ya tano karatasi ikaanguka.

Iliangukia mchanga, imekunjwa, nyeupe kama yai. Ndani yake saini ya mtu aliyesema hatabadilisha neno. Nikasimama pale chini ya tao nikijua kwamba sasa ni wawili tutakaonyongwa, mimi kwa kiapo na yeye kwa kuficha.

Kiprono akasogea hatua moja. Kiatu chake cha akala, kile cha kukatwa kwa tairi, kikakanyaga karatasi. Hakunitazama. Alikuwa anatazama bendera.

"Endelea," Bwana Shauri akasema.

Nikaendelea. Sita. Saba. Nilipotoka upande wa pili nilishika mti nisianguke. Na Landrova ikaingia.

Wasike alishuka na pingu mikononi. Unga wa mahindi ulikuwa bado kwa nywele zake. Akaniona, akaona baiskeli, akaona bunduki. Akaelewa yote.

"Huyu nasema ni mchezo," Bwana Shauri akamwambia. "Wewe nasema nini?"

Nikamwomba kwa macho. Sema ndiyo, nikamwomba. Neno moja, Wasike. Mungu wako atakusamehe neno moja.

"Alipoanza ilikuwa mchezo, Bwana," Wasike akasema. "Walipofika mara ya saba hakuna aliyekuwa anacheka."

"Kwa hivyo ni kiapo ya kweli."

"Ndiyo, Bwana."

Nilisikia Kiprono akitoa pumzi kama tairi.

"Kiapo ya nini?"

"Mtu mmoja, mbeba mikate, aligongwa na lori. Alilala barabarani akiwa hai. Mmoja wetu alisimama mkutanoni akasema alimpita akamwacha. Watu wakaapa wasimwache mtu tena."

"Nani alisema hivyo?"

"Kumbukumbu inasema mmoja wetu, Bwana."

"Mimi nauliza wewe!"

"Mkutano haukukubali jina. Sina ruhusa ya kulitoa."

Askari mmoja akamkaba shingo kutoka nyuma. Bwana Shauri akainua kidole, askari akaachia.

"Kwa nini wewe naandika hii?" akauliza, na sasa sauti yake ilikuwa chini sana, kama mtu anayeuliza jambo ambalo yeye mwenyewe anataka kujua. "Wewe jinga? Wewe najua mimi nasoma."

"Kibali kilisema tuandike yaliyofanyika."

Jua lilikuwa limesimama. Bwana Shauri akaangalia karatasi, akaangalia zile baiskeli mbili ambazo askari walikuwa bado wamezishikilia juu mikono ikiwatetemeka, akaniangalia mimi na grisi kidoleni. Sijui alifikiria nini. Pengine alifikiria kwamba mtu wa Mau Mau hali kiapo halafu akamletea orodha ya majina kabla ya saa tatu. Pengine alichoka tu.

"Fungua yeye," akasema.

Pingu zikatoka. Akaingia ofisini kwake, tukasikia droo ya chuma ikivutwa, ikifungwa, na ufunguo ukizunguka. Akarudi mikono mitupu.

"Njia, chimba. Nyinyi wenyewe, Jumamosi. Kiapo hapana tena. Karatasi nakaa kwangu. Nyinyi nafanya kazi vizuri, nakaa. Mimi nasikia shauri kidogo, karatasi natoka, na wewe," akamwonyesha Wasike, "nakwenda na hiyo karatasi. Wewe pia, mchekeshaji. Kwenda."

Kiprono alichuchumaa kama anafunga akala, na aliposimama mchanga ulikuwa mtupu. Alipopita karibu nami alinong'ona tusi la Kinandi ambalo sikulijua, na sikuhitaji tafsiri.

Tulitoka tukisukuma, mimi baiskeli yangu, Wasike mikono mitupu, maana yake ilibaki stoo walipomchukua. Tulitembea mpaka nyuma ya stesheni, mahali ambapo ofisi haionekani. Hapo Wasike akasimama, akainama kando ya reli, akatapika. Alitapika mpaka hakuna kitu.

Sikuwahi kumwona hivyo. "Uliogopa?" nikamwuliza, kama mjinga.

"Tangu Jumamosi." Akajipangusa na kitambaa. "Ulifikiri mimi sikuwa barazani? Unafikiri sikujua ninaandika nini? Sikulala, Murunga. Rosebella aliniuliza mbona godoro linatetemeka."

Alisema Murunga. Hakusema Makerere.

"Sasa kwa nini, ndugu yangu? Kwa nini hukuacha hilo neno?"

"Karani haachi neno. Mkutano ndio unaacha. Ndiyo maana tunasoma kwa sauti, mtu aseme hapana, ondoa hiyo. Mtu mmoja tu, nami ningekata mstari nikifurahi." Akanitazama. "Niliisoma mara mbili. Mara ya pili nilisoma polepole, nikikuangalia wewe. Ulikuwa unamwonyesha Kipkemboi grisi kwa pua yake."

Lori la viazi likapita barabarani kule juu, na sote wawili tukaruka kwa pamoja, ingawa lilikuwa mbali.

"Panda baiskeli yangu," nikamwambia. "Watu wa stoo watakuwa wamempelekea Rosebella habari. Nenda akuone."

Akapanda. Miguu ilikataa. Ilitafuta pedali ikazikosa, baiskeli ikalala upande, nikamdaka. Mtu aliyeendesha kutoka Kimilili mpaka hapa na gunia kwa karia, sasa hawezi kwenda hatua tano.

Basi nikashika kiti kwa nyuma, kama vile baba anavyomfundisha mtoto, nikaanza kusukuma. Tulifuata kando ya reli, pale ambapo njia yetu ingepita tukishaichimba, kwa nyasi na mawe. Mimi nakimbia, yeye anayumba.

"Usiachie," akasema bila kugeuka.

"Siachii."

Baada ya kitambo nilihisi kwa mikono kwamba pedali zimeanza kuzunguka zenyewe, kwamba sasa angeweza kwenda peke yake. Pumzi ilikuwa imeniisha na upande wa kifua ulinichoma. Lakini kila nilipotaka kufungua vidole niliona ile droo ya chuma na karatasi yetu ndani, na nikaendelea kukimbia.